Vifo vya Ukoo Vilivyonyooshwa na Mjomba

Jumamosi, 7 Juni 2025. Mabwerebwere, Kilosa

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Kwa kuwa hakuna aliyenitangaza, najitangaza mwenyewe humu.

Asubuhi dada yangu Rebeka kaja kibandani. Binti yake Lightness kapata mchumba! Kijana wa Mikumi, anaitwa Elia, fundi wa majokofu, mpole, hanywi. Nikamwambia hongera. Akasema bado, kuna kikao cha kutaja wafu.

Kwetu watu wa milimani ndivyo ilivyo. Kabla ya mahari pande mbili hukaa, kila upande ukataja waliokufa na kilichowaua, mpaka kwa mababu. Ukisikika ukoma, kifafa, kichaa au mtu aliyejinyonga, uchumba umekwisha. Na anayetaja ni mjomba. Siyo baba. Mjomba! Maana yake shemeji yangu Kornelio, baba wa Lightness, mwalimu mstaafu anayesahihisha hata matangazo ya msikitini na ya kanisani, atakaa pembeni na soda yake na kunisikiliza mimi.

Na nani anafaa kunizidi? Kibanda hiki ndicho kinachochapa wasifu wa marehemu kwa nusu ya mji. Nimewasindikiza watu kwa lugha safi. Yule mlevi aliyetumbukia mtaroni nilimwandikia kwamba alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Familia ilinishukuru. Ni kweli, muda ulikuwa mfupi sana.

Rebeka kaniomba niseme ukweli mtupu nisiongeze kitu. Kaniomba mara nyingi hadi nikakasirika. Lightness ana miaka thelathini na moja na mchumba wa kwanza aliyeyuka bila kuaga. Huyu wa sasa anampenda kweli. Jana kapita hapa anacheka na simu, hakuniona, wala mtaro hakuuona.

Jumatatu, 9 Juni

Tatizo. Wafu wetu ninawajua majina, vifo vyao sivijui. Nyumbani walisema tu fulani alikwenda na homa, fulani na tumbo. Mzee Damiano, babu yake Elia, hawezi kutosheka na tumbo.

Aliyebaki anayejua ni mmoja: Mama Mkubwa Selestina, dada wa mama yetu, yuko Kisanga. Na kwake hatuendi. Mama alizaa saba tukabaki wanne. Wale watatu walipokufa mmoja baada ya mwingine, mama alisema dada yake kawala, kwa kuwa yeye hakuzaa na alikuwa akiwabeba sana. Basi Selestina akafunga mzigo wake akapanda mlimani kuishi peke yake. Mimi binafsi sina neno naye. Sijamwamkia tu tangu tulipomzika mama.

Jumatano, 11 Juni. Kisanga

Bodaboda, vumbi, kisha ukungu. Baridi imeshaanza. Nimepeleka sukari na sabuni.

Nikatoa shikamoo. Akamaliza kwanza kupepeta mahindi yake, ungo mzima, ndipo akaitikia marahaba. Akaniuliza nani kafa. Nikasema wote, ndiyo sababu nimekuja. Hakucheka.

Kichwa chake kizima kabisa. Anakwenda Kisagara, anarudi Kiswahili, mimi naandika. Babu Yared: safura. Alivimba miguu, akapauka, mwishowe akawa anabandua udongo wa ukutani na kuula. Bibi Irine: bandama, ilijaa tumbo lote la kushoto. Mjomba wa mama, niliyepewa jina lake la Zabron: homa ya papasi. Alilala nyumba ya wageni safarini, kunguni wakamwacha, papasi hawakumwacha. Mwingine kichomi. Mwingine pepopunda, alikanyaga msumari.

Kisha wale watoto watatu. Akasema wote ni kitu kimoja: baridi ya mifupa. Vidole vya mikono na miguu vinavimba wakiwa bado wachanga. Macho ya njano. Kipupwe kikiingia wanalia kwa mifupa, unawafunika na bado wanalia. Wa mwisho Mathayo. Akaniuliza kama namkumbuka. Nikasema namkumbuka. Akauliza nakumbuka nini. Nikasema namkumbuka tu. Tukaachia hapo.

Tulilala kitanda kimoja mimi na Mathayo. Sitaki kuandika hayo. Shajara hii ni ya mambo ya maendeleo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefunga kibanda mapema ili ninyooshe vifo. Kazi hii inataka kipaji.

Kula ukuta! Ukoo ambao mzee wake alikula nyumba yake mwenyewe, nani atauletea mahari? Safura nimeifuta. Babu Yared nimempa simba. Tunakwenda Mikumi, wenzetu wanaishi mlangoni mwa hifadhi, simba wanamheshimu. Bibi Irine, badala ya bandama, kafariki akiimbisha kwaya. Mjomba Zabron kafariki safarini kikazi. Kichomi nimekiacha, kina heshima yake.

Watoto nimewaondoa wote watatu. Watoto watatu nyumba moja! Mtu atauliza, na ukiuliza sana unafika kwa Selestina na uchawi, na uchawi ukitajwa tumekwisha.

Kornelio kaja kutoa kopi, akasoma kwenye kioo cha kompyuta bila ruhusa. Akaniuliza kwa sauti yake ya darasani huyu simba ametokea wapi. Akasema safura ni minyoo tu, watu hawakuwa na viatu, inakunywa damu mpaka mwili unadai udongo. Nchi nzima iliugua. Siyo aibu, itaje. Nikamkumbusha kwamba yeye ni baba tu. Kaondoka, kopi zake hata mbili hazijatoka. Watu wenye wivu ndivyo walivyo.

Jumamosi, 14 Juni. Mikumi

Siku ndefu. Naandika kila kitu, haki itendeke.

Nyumba ya Mzee Damiano iko nyuma ya barabara kuu, malori ya Zambia yanatikisa vikombe. Elia kanipa kiti chenye mgongo. Kijana mzuri. Lightness uani na kina mama, kavaa kitenge kipya, kila mara anachungulia.

Nikasimama. Nikakohoa. Nikaanza na simba.

Kimya. Nilidhani ni heshima. Mzee Damiano akaniuliza je, simba alimuua tu au alimla? Nikaona nusu kazi haifai, nikasema alimla. Akauliza wote? Nikasema nusu. Mzee akanyanyuka akatafuta fimbo yake. Kumbe kwao simba hali mtu hivi hivi! Simba anatumwa. Ukoo ulioliwa na simba una adui asiyelala, na yeye hawezi kumtuma mjukuu wake akalale na adui wa watu. Uani vyombo viliacha kugongana. Lightness kasimama mlangoni, sijawahi kuona uso ukinywea hivyo. Nikasema kwa haraka kwamba huenda alikuwa chui. Chui ni mbaya zaidi, wakaniambia.

Ndipo Kornelio, asiye na haki ya kusema, akasema. Akaomba radhi, akatamka kwamba marehemu alikufa kwa safura, kitandani kwake, na kwamba mjomba amechanganya na mtu mwingine. Mzee Damiano akakaa polepole. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu! Safura? Baba yake mwenyewe kafa nayo, alimaliza kingo za chungu cha maji. Wote wakacheka. Nimeokolewa na Kornelio mbele za watu. Afadhali simba.

Ikawa zamu yao. Mzee akataja mmoja mmoja. Homa, homa, mke wa nduguye aliyefia kwenye uchungu wa uzazi, ndugu aliyepigwa na kifaduro utotoni. Kisha sauti ikashuka. Akasema yeye na marehemu mkewe walizika watoto wawili. Baridi ya mifupa. Akasema anajua sisi hatutajua ni kitu gani, watu wengi walimnyooshea mkewe kidole.

Nafasi hiyo! Nikaruka. Nikasema hata sisi! Watatu! Nikataja vidole, nikataja macho, nikataja kipupwe. Mzee wa watu akanishika mikono yote miwili, akalia machozi. Akasema miaka yote hiyo hakuwahi kukutana na mtu aliyejua kilio kile. Akatangaza kwamba sisi na wao ni watu wamoja, hata misiba imefanana, na mahari ije.

Vigelegele! Togwa! Lightness akanikumbatia na kuniita anko wangu. Sikumbuki lini nilipendwa hivyo.

Ni Kornelio peke yake ambaye hakugusa togwa yake. Njia nzima ya kurudi Kilosa kaangalia dirishani. Nikamwacha na wivu wake.

Jumanne, 17 Juni

Kornelio kaja kibandani na Lightness. Hakuja kupongeza.

Anasema aliwahi kufundisha mtoto wa aina hiyo. Vidole, macho, maumivu ya baridi. Siku hizi ina jina: selimundu. Iko kwenye damu. Mtu anaweza kuibeba maisha yake yote na asiumwe hata kidogo, lakini wabebaji wawili wakioana, ndipo watoto wanapoipata. Akasema ukoo wetu una watatu na ukoo wa Elia una wawili, na mimi nimeyasema hayo kwa mdomo wangu na watu wakapiga vigelegele.

Lightness akaniomba nimweleze tena ya Mathayo. Nikaeleza kwa kifupi. Hakuandika, alisikiliza tu. Akasema yeye na Elia watapima.

Nikapinga kwa nguvu zote. Tumeshakunywa togwa! Mzee keshalia! Nani anapima damu baada ya mzee kulia? Walipoondoka nikampigia Elia, nikamwambia kwa siri kwamba kwetu mwanamume anayetaka vipimo huonekana hana imani, na asikubali. Akaniambia kwa adabu, shikamoo mjomba, yuko foleni ya maabara.

Jumamosi, 21 Juni

Wote wawili wanabeba.

Rebeka kaniambia mlangoni, hakuingia ndani. Wao wenyewe wazima, hawataumwa. Lakini kila mimba watakayopata, mtoto mmoja kati ya wanne anaweza kuzaliwa na ugonjwa wenyewe. Nikafikiri haraka, maana mtu akiwa na shida ndipo anapohitaji mwenye akili. Nikasema basi wazae watatu.

Rebeka kaniangalia. Kageuka kaondoka. Ilikuwa hesabu tu.

Namlaumu Kornelio. Babu zetu hawakupima, na tuko hapa. Tuliobaki.

Jumatano, 25 Juni

Nimepata dawa! Kama ni baridi ya mifupa, basi ni suala la joto. Nimekwenda Msowero mnadani nikarudi na mablanketi manene, yale ya wafugaji, mzigo mzima nyuma ya bodaboda. Mpango: wanaoana, wanahamia Dar es Salaam kwenye joto, mtoto analala kwenye blanketi, mambo yamekwisha. Nimempelekea Lightness kama zawadi ya mapema ya harusi.

Kayapokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Kisha kakaa juu ya mzigo, akalia.

Alipotulia akaniambia siku hizi kuna kliniki na dawa, watoto wa selimundu wanakua, wengine wanafika uzeeni. Elia yuko tayari kwa lolote atakaloamua yeye. Ndiyo maana anataka kujua. Akaniuliza Mathayo alikuwaje. Siyo ugonjwa, alisema, yeye mwenyewe, na usiku wake wa mwisho ulikuwaje.

Nikamwambia alikuwa mchangamfu. Nikamwambia hakusumbuliwa sana. Nikamwambia alikwenda usingizini, kimya, baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Si kweli. Alilia mpaka sauti ikakatika, akawa anafungua mdomo tu. Aliniomba nipulizie vidole vyake. Nilivipulizia, nikaviweka kwapani mwangu, nikamsimulia habari za treni. Haikusaidia. Nilikuwa na miaka tisa na nilimpenda kuliko watu wote wa nyumba ile. Mpaka leo mwezi wa sita ukiingia nasikia vibaya, nasema ni tumbo.

Lightness kanisikiliza hadi mwisho. Akasema Mama Mkubwa Selestina kamwambia tofauti.

Kumbe kapanda Kisanga peke yake! Kaenda kumwambia bibi yule kwamba ilikuwa damu, siyo mkono wa mtu, siyo yeye. Anasema bibi aliweka ungo chini. Akauliza kama mdogo wake anajua. Lightness akamkumbusha kwamba mdogo wake, mama yetu, alishakufa. Bibi akasema, "Basi amekufa akijua ni mimi." Akaendelea na kazi zake.

Ijumaa, 27 Juni

Rebeka anataka niende Kisanga kuomba radhi kwa niaba ya ukoo. Anasema mimi ndiye mjomba, mdomo wa ukoo, si nilitaka? Nimesema mambo kama haya hayaendewi mikono mitupu, yanahitaji maandishi. Nimechapa karatasi nzuri, yenye maua pembeni: "Ukoo unasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Nimeifunika plastiki ili isilowe na ukungu.

Kornelio kaisoma mara mbili. Hakusahihisha kitu. Kaivunja katikati, plastiki na yote, kisha yeye na Rebeka wamepanda bodaboda wamekwenda bila mimi. Nasikia Rebeka alipiga magoti. Nasikia bibi alimwinua, akampa mahindi ya kupepeta.

Hivi kuna mtu yeyote anayefikiria gharama ya ile plastiki?

Jumamosi, 5 Julai

Imekwisha.

Elia kaja kutoka Mikumi. Wamekaa na Lightness kwenye benchi la nje ya kibanda changu, kwa kuwa nyumbani Rebeka hawezi kuwaangalia. Nimezima mashine nisikie. Hawakugombana hata kidogo, ndilo lililoniumiza. Wameshikana mikono, kijana ana kucha nyeusi za grisi. Lightness kasema yeye anaweza kuvumilia kliniki, anaweza kuvumilia dawa, lakini amesikia habari za vidole vile na hawezi kumpa mtoto mikono hiyo halafu amwambie anampenda. Elia hakubisha. Kasema babu yake tangu asikie habari ya vipimo haendi tena kwenye makaburi ya wale wawili, anasema aliwaua mwenyewe kwa damu yake.

Nikatoka na mpango: wasioane kanisani, waoane tu kidogo, kwa majaribio. Elia kasimama, kanipa mkono kwa heshima zote, kanishukuru kwa kiti kile alichonipa yeye. Nadhani hakujua anasema nini. Kaenda stendi. Lightness kabaki kwenye benchi mpaka nilipofunga, kisha akanisaidia kuingiza vibao vya matangazo ndani. Nilitaka kumwambia neno. Maneno yote ninayoyajua ni ya wasifu.

Jumapili, 13 Julai

Mambo yamefunguka!

Baada ya ibada kaja bwana mmoja wa Msowero, Filipo, kuchapisha wasifu wa mama yake. Mtu mwenye shamba, mtu wa maana. Katikati ya kuchapa kaniambia ana kijana wa kiume, mtulivu, wa umri wa Lightness, bado hajaoa. Nikaacha kuchapa. Nikamwambia nina mpwa, mrembo, ana adabu, na hana mtu. Lightness sijamwambia, siku hizi hataki kuongea, anakaa tu. Furaha ikimfikia ataikubali.

Safari hii sifanyi makosa yale. Hakuna simba. Hakuna kikao, hakuna Kornelio, na habari za maabara hazitatajwa kabisa. Bwana Filipo ni mtu wa kisasa, hakuwa na maswali mengi. Moja tu, alipokuwa anapokea karatasi zake, kwa kuwa ana msiba na mawazo yake yako huko: kwetu watu hufa kwa kitu gani?

Nikamwambia uzee. Akauliza wote? Nikasema wote, bila kumpoteza hata mmoja njiani. Akasema sisi ni ukoo wenye baraka, akanishika mkono.

Mathayo nimemhesabu humo humo. Alikuwa na miaka sita.